Chupa Isiyo na Mwenyewe

Masika yakikaribia, vibarua hutolewa kuzibua mitaro ya Dar es Salaam. Kinachochotwa mle hurundikwa kando ya barabara siku kadhaa kikisubiri lori, na rundo lile lina mengi ya kumweleza anayelitazama. Limo tope, zimo kandambili zilizokatika, nepi za watoto, vipande vya mifuko, na juu ya vyote chupa za plastiki za maji na soda, chupa kwa chupa. Vichupa vya pombe kali navyo vimo. Kitu ambacho ni nadra kukiona mle ni chupa ya bia. Hili linahitaji maelezo, kwa maana jiji hili linakunywa bia, na wanywaji wa bia hawajawahi kusifiwa kwa kupenda mazingira. Mtu aliyekwisha kushusha nne hatafuti pipa la taka. Hata hivyo chupa yake haiishii mtaroni, ilhali kichupa cha pombe kali, cha kioo kilekile, kilichofunguliwa kwenye baa ileile na pengine kumiminwa kwenye koo lilelile, ndiko kinakoishia.

Tofauti ya chupa hizi mbili haimo katika malezi ya mnywaji. Chupa ya bia ina mwenyewe. Mwenye baa ameiwekea pesa kwa muuzaji wa jumla, na asiporudisha kreti ikiwa na chupa zake zote, atakatwa. Kwa hiyo mhudumu anazihesabu, mlinzi anazilinda, na ikitokea moja imesahaulika chini ya mwembe, kuna mtoto atakayeiokota kabla ya saa mbili asubuhi. Kichupa cha pombe kali hakina mtu anayekingoja. Kikishafunguliwa, kiwanda kimemalizana nacho, baa imemalizana nacho, na mnywaji anataka tu mkono wake ubaki mtupu. Tumezoea kusema kwamba taka ni kitu kilichokwisha kazi. Nadhani tungekaribia ukweli zaidi tukisema taka ni kitu kilichokosa mwenyewe, kwa sababu chupa tupu ya bia nayo imekwisha kazi na bado si taka. Plastiki inayotuzibia mitaro ni matokeo ya mapatano ya biashara yaliyobadilishwa kimyakimya, na hayatarudi kuwa kama yalivyokuwa kwa mahubiri ya usafi. Yatarudishwa kwa sheria itakayoilazimu kila chupa kuwa na bei yake ikiwa tupu.

Utaratibu huo si mgeni. Kwa miaka mingi soda katika Afrika Mashariki ilikuwa ya chupa ya kioo, na mnunuzi alikuwa na njia tatu: anywee hapohapo dukani, aje na chupa tupu, au aache pesa ya chupa. Mtoto aliyetumwa soda alikabidhiwa pesa kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono mwingine, na aliijua adhabu ya kuivunja. Hakuna aliyeuita mpango huo uhifadhi wa mazingira. Ulikuwa ni ubahili wa kiwanda, kwa kuwa chupa ilikuwa mali yake na ilikigharimu, hivyo kiliitaka irudi kiioshe, kiijaze na kiiuze tena. Chupa ya plastiki ilipoingia ilitangazwa kama urahisi, na kweli ilikuwa rahisi. Kiwanda kiliachana na kuosha, kupanga na kusafirisha kreti tupu. Mwenye duka alipata nafasi pale palipokuwa na makreti. Mnunuzi aliondoka na soda yake bila kuulizwa chupa. Katika mapatano hayo kila aliyekuwepo alipata kitu, na gharama yote ikabebeshwa asiyekuwepo: mtaro, halmashauri, ziwa, na mama anayelipa ada ya taka kila mwezi hata kama nyumbani kwake hakuna anayekunywa soda.

Kuhamisha gharama kwa namna hii kulikwisha kufanyika kwingine kabla ya kufika kwetu, na Marekani ndiko kulikoandikwa kwa uwazi zaidi. Mwaka 1953 jimbo la Vermont lilipiga marufuku chupa za bia zisizorudishwa, baada ya wafugaji kulalamika kwamba vioo vilivyotupwa kwenye malisho vilikuwa vikiwaumiza ng'ombe. Mwaka huohuo makampuni ya makopo na chupa, pamoja na wenzao wa vinywaji, yaliunda shirika la Keep America Beautiful, lililofanya kazi ya kuwafundisha wananchi kutotupa taka ovyo. Tangazo lake maarufu zaidi, la mwaka 1971, lilimwonyesha Mhindi Mwekundu akitokwa na machozi kwa kuona taka njiani, na likamalizia kwa kusema kwamba watu ndio wanaoanzisha uchafuzi na watu ndio wanaoweza kuukomesha. Mwigizaji mwenyewe, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Wakati Wamarekani wakilia pamoja naye, wenye viwanda walikuwa wakipambana kwenye mabunge ya majimbo kuzuia sheria za kuwarudishia chupa zao. Ushauri wa kutotupa taka ulikuwa ushauri mzuri, na bado ni mzuri. Lakini ulimhamisha mshitakiwa. Kabla yake swali lilikuwa kwa nini kiwanda kimetengeneza kitu kisicho na pa kwenda, na baada yake likawa kwa nini wewe umekidondosha.

Nasi tumeyarithi mashitaka hayo yakiwa mazima. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru wa Tanzania Bara zilifutwa na watu wakatakiwa kushika mafagio, kisha Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikatengwa kwa usafi. Rwanda ilikuwa na umuganda wake muda mrefu kabla ya hapo, na mitaa ya Kigali ni ushahidi kwamba kazi ya pamoja si bure. Siyabezi mafagio. Ninachosema ni kwamba fagio linasogeza chupa, haliiondoi duniani. Chupa iliyofagiliwa Jumamosi hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, au Dandora kama ni Nairobi, au inachomwa nyuma ya nyumba na moshi wake kuingia madirishani kwa jirani, na Jumatatu kiwanda kinatoa nyingine. Mgambo anayemtoza faini abiria aliyetupa chupa dirishani anafanya kazi halali, lakini abiria yule alikuwa na safari ya saa kumi mbele yake na kituo kisicho na pipa, na chupa aliyoishika haikuwa na thamani kwa mtu yeyote. Sheria inayohitaji kila abiria awe mtakatifu ni sheria dhaifu.

Ushahidi kwamba mambo hubadilika yakishikwa kule juu yanakoanzia tunao wenyewe, na ni mzuri. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilifuata mwaka 2008. Kenya ilianza Agosti 28, 2017, kwa sheria yenye faini inayofika shilingi milioni 4 za huko au kifungo kinachofika miaka 4. Tanzania Bara iliingia Juni 1, 2019, wasafiri wakaambiwa waache mifuko yao uwanja wa ndege. Wapo waliotabiri kwamba masoko yatasimama. Hayakusimama, vikapu vya ukindu vilishushwa kutoka darini, vijana wakaanza kuuza mifuko mbadala, na rambo, ambalo Wakenya huliita juala, likapungua kwenye miti, kwenye mitaro na kwenye matumbo ya ng'ombe waliokuwa wakichinjwa nalo likiwa ndani. Watu walewale walioitwa wachafu Mei 31 hawakuwa wamebadilika tabia usiku mmoja. Bidhaa ndiyo iliyoondolewa. Vivyo hivyo kwa viroba, zile pakiti ndogo za pombe zilizopigwa marufuku Tanzania Machi 2017: hakuna aliyehubiriwa akatubu, ila pakiti zilikoma kutengenezwa na zikakoma kuokotwa.

Lakini marufuku ina ukomo wake, na tumekwisha kuuona. Mifuko mbadala tunayoiita ya kitambaa, kwa sehemu kubwa, ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa. Vifungashio laini vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa viligeuka vibebeo vya nyanya na dagaa sokoni, hadi serikali ikalazimika kutoa makatazo mengine. Pombe iliyotoka kwenye kiroba ilihamia kwenye kichupa, na kichupa tumekwisha kukutana nacho mtaroni. Ukipiga marufuku umbo moja, biashara huvaa umbo jingine. Na kuna vitu huwezi kuvipiga marufuku kirahisi. Chupa ya maji ni kimojawapo, katika nchi ambayo wengi hawayaamini maji ya bomba, na wana sababu. Kwa vitu hivyo kinachohitajika ni kuvipatia mwenyewe.

Wanaoona kwamba yote haya ni suala la mandhari tu waanzie Mwanza. Watafiti walinunua samaki katika soko la mwaloni huko, sangara 20 na sato 20, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 wakaeleza kwamba moja ya tano ya kila aina ilikuwa na vipande vya plastiki tumboni. Samaki 40 si wengi, na wale walikuwa wa mahali pamoja. Lakini ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo kutoka maziwa makuu ya Afrika, na hao ndio samaki wanaoliwa Kisumu, Entebbe na Musoma. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua huikausha, mawimbi huivunja, na kila kipande huzaa vipande vidogo zaidi hadi vinaingia pasipoonekana kwa jicho. Kuvitoa huko hakuna ajuaye namna. Chupa nzima inaokoteka. Chupa iliyosagika haiokoteki tena, na ndiyo maana umuhimu wote uko katika kuikamata mapema.

Na kabla chupa haijafika ziwani, imekwisha kufanya madhara mengine yasiyoonekana. Plastiki hutengenezwa kwa mafuta na gesi ya ardhini. Dunia ilizalisha takriban tani milioni 2 za plastiki mwaka 1950. Mwaka 2019 ilizalisha tani milioni 460, kwa hesabu za shirika la OECD, na safari nzima ya plastiki hiyo tangu kisimani hadi dampo ilitoa asilimia 3.4 ya gesijoto zote za dunia, zaidi ya zinazotolewa na ndege zote angani. Sehemu kubwa mno ya gesijoto hizo, kama asilimia 90, hutoka wakati wa kutengeneza. Maana yake ni kwamba hata ukiitupa chupa kwa adabu kwenye pipa lenye rangi sahihi, karibu hewa ukaa yake yote ilikwisha kwenda zake. Kinachoipunguza ni chupa moja kufanya kazi ya chupa nyingi. Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi huwa tunaangalia moshi wa malori na tanuri za mkaa, na hatukosei, lakini soda nayo ina moshi wake.

Kimbilio la wenye viwanda ni kurejeleza, yaani kuyeyusha chupa kuukuu na kutengeneza kitu kipya. Ni jambo jema likifanyika. Duniani kote asilimia 9 tu ya taka za plastiki ndizo zinazorejelezwa, na sababu mojawapo inaonekana kwa hesabu ya darasa la nne. Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hadi 20. Kupata kilo moja, mwokotaji lazima ainame mara 50 hadi 67. Tuseme kilo inanunuliwa kwa shilingi 500: kila kuinama kunamlipa shilingi 8, au 10 kwa kuzidisha. Ndiyo sababu chupa huokotwa pale tu zilipolundikana na pale tu palipo na mtu mwenye shida kubwa. Iliyo peke yake kichakani kando ya barabara ya Chalinze haistahili nauli ya kuifuata. Sasa tuseme chupa hiyo ina amana ya shilingi 100, iliyolipwa na mnunuzi na inayorudishwa kwa yeyote atakayeileta. Gunia lilelile la kilo moja linakuwa na shilingi 5,000 na zaidi. Hapo hata mtu asiye na shida atainama, na abiria wa basi ataiweka chupa yake kwenye begi.

Hili limejaribiwa. Lithuania, nchi ndogo isiyo tajiri kwa viwango vya Ulaya, iliweka amana ya senti 10 za yuro kwenye chupa na makopo Februari 2016. Chupa za plastiki zilizokuwa zikikusanywa awali zilikuwa kama theluthi moja, na kufikia mwisho wa 2017 zilikuwa zinarudi zaidi ya 9 katika kila 10. Ujerumani ilianza mwaka 2003 kwa senti 25, na chupa za huko ni taabu kuziona barabarani. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Oregon, Marekani, kwa sababu unatenganisha tabia na bei. Jimbo hilo lilipitisha sheria ya amana ya senti 5 mwaka 1971. Bei za vitu zikapanda, senti 5 ikakosa maana, na mwaka 2016 ni asilimia 64 tu ya chupa na makopo zilizorudi. Aprili 2017 amana ikapandishwa kuwa senti 10, na katika muda mfupi urejeshaji ukapita asilimia 80. Watu ni walewale na shule ni zilezile. Na hatuhitaji kwenda Oregon kuelewa: mtungi wa gesi ya kupikia unafanya kazi hivyohivyo Manzese na Kariakoo, unakwenda na mtupu unarudi na uliojaa. Dumu kubwa la maji la ofisini nalo ni plastiki, na halijawahi kuziba mtaro wa mtu.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba mzigo utamwangukia maskini. Anayenunua maji ya shilingi 500 ataambiwa sasa ni 600. Hofu hii haidharauliki, na Kenya imeshuhudia ilikofika. Muswada wa fedha wa mwaka 2024 ulikuja na tozo ya mazingira kwenye bidhaa kadhaa, nepi zikiwemo. Wananchi waliiona kuwa kodi nyingine iliyovishwa majani mabichi, na muswada mzima ukaondolewa mwishoni mwa Juni baada ya maandamano. Walikuwa na haki ya kuona hivyo, kwa sababu tozo ikishalipwa hairudi, na hakuna anayeweza kumwonyesha mlipaji iko wapi. Amana ni kitu tofauti: shilingi 100 inabaki kuwa ya mnunuzi, imelala ndani ya chupa, na anayeichukua ni yeye au aliyeiokota baada yake. Ugumu wa kweli uko katika mara ya kwanza tu, siku ya kununua chupa ya kwanza. Mwenye kununua maji kila siku anazungusha shilingi 100 ileile mwaka mzima. Tena anayelipa gharama ya sasa ni nani? Si mkazi wa Masaki, mtaa wa wenye nazo. Mtaro ukiziba, maji hayapandi Masaki, yanaingia Jangwani na Kigogo, kwenye magodoro ya watu ambao huenda hawakununua hata chupa moja.

Pingamizi jingine hutoka kwa watu wa hesabu, nalo ni kweli nusu. Kioo ni kizito, wanasema. Lori likibeba chupa za kioo linachoma dizeli zaidi, na kuyeyusha kioo kunahitaji moto mkali, hivyo ukirudi kwenye kioo utaokoa mtaro uchafue anga. Kioo kinachotumika mara moja na kutupwa kweli kina madhara zaidi kwa hali ya hewa kuliko plastiki, na mtu anayenunua juisi ya chupa ya kioo akaitupa asijipongeze. Lakini chupa inayojazwa mara 25 inagawanya moto ule kwa 25, na inashinda ilimradi safari zake ni fupi. Kwetu soda haijazwi mahali pamoja ikasafirishwa nchi nzima. Inajazwa Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Mbeya, karibu na wanywaji. Na pale safari ilipo ndefu mno, hakuna anayelazimisha kioo. Ipo chupa nene ya plastiki iliyotengenezwa ili ioshwe na kujazwa tena, na hata ile nyembamba, ikiwa na amana, itafika kwa mrejelezaji ikiwa safi na kwa wingi badala ya kufika imejaa tope. Sheria iweke bei, na ipange amana kubwa zaidi kwa chupa ya kutumika mara moja kuliko ya kujazwa tena. Aina ya chupa kiwanda kitajichagulia chenyewe, kwa penseli na karatasi.

Kuna wanaouliza hali ya waokotaji. Mfumo wa Ulaya umejengwa kwa mashine zinazosimama kwenye maduka makubwa, na mashine hiyo ikija hapa itamnyang'anya riziki kijana mwenye guta. Basi isije. Hatuna haja ya mashine mahali ambapo kila kona ina duka la Mangi na kila mtaa una watu wanaojua kuhesabu chupa tupu kwa mtazamo mmoja. Mwenye duka alipwe kidogo kwa kila chupa anayoipokea, mwokotaji alipwe amana kamili kama mtu mwingine yeyote, na guta ndilo liwe lori la kwanza katika mnyororo huo. Udanganyifu utakuwepo, sikatai. Chupa za upande mmoja zitavuka Namanga au Holili kwenda kutafuta amana upande wa pili, na vibandiko vya kughushi vitachapwa. Wajerumani nao wanaibiwa kwa mtindo huohuo. Dawa yake inajulikana, ni alama maalumu kwenye kibandiko na, ikiwezekana, Jumuiya ya Afrika Mashariki kukubaliana amana zinazolingana. Pia tukumbuke kinachoibwa hapo ni nini: mtu anavusha mpaka gunia la takataka.

Halafu lipo lile la kwamba sisi tunachafua kidogo. Ni kweli tupu. Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya gesijoto za dunia, na Mtanzania wa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya plastiki anayotumia Mmarekani. Anayetumia hoja hii kudai fidia na haki katika mikutano ya kimataifa anaitumia vizuri. Anayeitumia kusema tusifanye chochote amesahau kwamba anga ni ya wote ila mtaro ni wetu peke yetu. Mkataba wa dunia kuhusu plastiki, ambao uamuzi wa kuuandaa ulipitishwa Nairobi Machi 2022, ulikwama Busan mwishoni mwa 2024 na ukakwama tena Geneva Agosti 2025, kwa kiasi kikubwa kwa sababu nchi zenye mafuta hazitaki kikomo kiwekwe kwenye uzalishaji. Kuusubiri mkataba huo ndipo tuweke bei kwenye chupa ya maji ni kuwapa wenye visima vya mafuta mamlaka juu ya mto wetu wa Msimbazi, Dar es Salaam.

Kenya imekwisha kupiga hatua katika upande huu kwa sheria ya taka ya mwaka 2022 na kanuni za 2024 zinazomfanya mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Wasiwasi wangu juu ya kanuni za namna hiyo ni kwamba mzalishaji anaweza kuzitimiza kwa kulipa ada kwenye chombo fulani na kuandika ripoti, na chupa ikaendelea kulala pale ilipo. Amana ina faida moja juu ya ripoti: haiwezi kudanganya kwa muda mrefu, kwa sababu chupa ambayo haikurudi imeacha pesa yake mahali, na pesa hiyo inahesabika. Hapo ndipo penye mtego ambao sheria lazima iuone mapema. Amana zisizodaiwa zikibaki kiwandani, kiwanda kitafaidika kila chupa inapopotea, na hakuna atakayeshangaa vituo vya kurudishia vikiwa vichache na vya mbali. Michigan huchukua robo tatu ya fedha hizo kwa ajili ya mfuko wa mazingira na kuwaachia wenye maduka robo. Mgawanyo wowote unaofanana na huo utatufaa, mradi kiwanda kisipate hata senti.

Pa kuanzia ni Zanzibar. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi linaweza kutunga sheria hii bila kusubiri Dodoma, kama visiwa vilivyotangulia kwa miaka 13 katika suala la mifuko. Vinywaji vinavyotoka nje huingia kwa bandari, hivyo kuhesabu kinachoingia si kazi ya kubuni. Watalii wanakunywa maji ya chupa kutwa, na wengi wao wametoka nchi ambazo kulipia chupa ni jambo la kila siku, hivyo hawatashangaa. Kisiwa hakina ardhi ya kuchezea madampo, na bahari inayopokea chupa ndiyo inayoleta wageni. Miaka miwili inatosha kuona. Chupa ziandikwe kwenye ghati ya Malindi na kwenye milango ya viwanda zinapoingia sokoni, ziandikwe tena Darajani, Mkokotoni na Makunduchi zinaporudi, na tarakimu zote mbili zibandikwe kila mwezi mahali ambapo mwokotaji na mwenye kiwanda wote wanaweza kuzisoma.